Mahindi ya Mama Gertrude

Cyrille hakuwa na baba. Hakuwa na trekta wala ng'ombe wa kulimia, hakuwa na shati lenye vifungo vyote, hakuwa na diploma, hakuwa na simu nzuri, na hakuwa na mke. Alikuwa amefikisha miaka thelathini na mmoja, na watu wa mtaa wake wa Kikula walianza kumuuliza juu ya hilo la mwisho bila kuficha. Hakuwa na kaka wala dada. Katika ukoo mzima alibakiwa na mkubwa mmoja tu, mjomba wake Hilaire, ambaye naye hakuwa na meno ya mbele.

Alichokuwa nacho ni mbegu. Marehemu mama yake, Mama Gertrude, alimwachia mahindi meupe, magumu kama changarawe, yenye mistari minane iliyonyooka. Kila mavuno mama alichagua mahindi arobaini yaliyo bora, akayafunga manne manne kwa maganda yake yenyewe, kwa fundo lake la pekee lenye mkia unaoning'inia, akayatundika juu ya moto wa jikoni. Moshi uliyalinda na fukusi mpaka mvua ya Novemba. Hata mwaka ule wa njaa, mwanawe alipolia, hakuyashusha. "Mulimi hakulake mbegu," alisema. "Akikula mbegu, alikula watoto yake."

Mwezi wa nane, maonyesho ya kilimo yalipofunguliwa kwenye uwanja wa mpira wa Panda, mtaa mwingine wa Likasi, Cyrille aliyapeleka yote arobaini. Angeweza kupeleka manne. Lakini alikuwa na kiburi cha maskini, yaani kiburi cha kitu kimoja, na alitaka watu wa Likasi wakione chote.

Uwanja ulijaa. Spika zilipiga muziki tangu asubuhi, vumbi jekundu lilipanda hadi magotini, moshi wa nyama ya mbuzi ulipita juu ya kabichi kubwa kama vichwa vya ndama. Watoto walipanga foleni kugusa gurudumu la trekta. Katikati ya fujo hiyo Cyrille alimwona mwanamke mmoja amesimama mbele ya kibanda chake, kapu kichwani, kitenge kimechakaa, ndala moja tu mguuni, uso mweusi kwa makaa. Alimhurumia. Alisimama, akampangusia kigoda chake.

"Ikala, mama. Umetoka mbali?"

Mwanamke aliketi. Cyrille akakata kiazi kitamu chake cha mchana, akampa nusu kubwa. Yule alikila chote, polepole, kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, na chini ya makaa Cyrille akaona uso wa msichana anayejizuia kucheka.

"Aksanti sana, papa. Lakini shiko mama ya muntu. Niko muchezaji. Tunafanya filme hapa ku foire, ku maonyesho."

"Aba. Na makala ku sura?"

"Juu mu filme niko muke ya mulimi."

Cyrille alijitazama viganja, kisha akamtazama yeye. "Minye njo mulimi. Uliona makala wapi?"

Msichana alijigusa shavu, akatazama kidole. Aliinuka, akashukuru kwa kiazi mara ya pili, akaenda zake na ndala moja.

Saa kumi alirudi. Alikuwa amenawa, amevaa gauni la rangi ya limau lililombana kiunoni, hereni ndogo, nywele zimesukwa kurudi nyuma. Mkononi alishika chupa mbili za soda baridi.

"Nakuya kurudisha kiazi," alisema. "Jina yangu Shekina. Tunakala hapa mu Panda, mu kambi ya zamani. Papa alikuwa fundi mu usine, mu kiwanda."

"Minye Cyrille. Madame Kiazi, ikala."

Walikaa mpaka spika zikazimwa. Alikuwa mcheshi, na alijua kusikiliza, jambo ambalo wacheshi wengi hawalijui. Cyrille alimwambia lililokuwa likimkera tangu utoto.

"Juu ya nini mu masketch yenu mulimi anakuwaka tu kipumbavu? Mu kalenda, anashika kabichi anacheka. Mu televizio, anaona trekta anakimbia. Minye nilifika ku foire mara saba, shijaona hata mulimi moja anakimbia trekta. Anauliza tu bei yake, anaenda."

"Batu banapendaka kucheka, Cyrille."

"Bacheke. Lakini bacheke na sisi, basitucheke sisi."

Shekina alizungusha chupa mkononi. "Jean-Luc, mukubwa wa troupe yetu ya kuigiza, njo iko anaandika, haiko minye. Lakini nitamuambia. Mu filme yetu mulimi hatapata haya. Nakuahidi."

Siku zilizofuata, kila alipopata nafasi, aliteleza kutoka kwa wenzake akaja kibandani. Mjomba Hilaire, aliyelinda kibanda pamoja na mpwa wake, alimwita "binti yetu" tangu siku ya tatu. Cyrille alimsimulia maneno ya Mama Gertrude juu ya mbegu, akamfundisha fundo lake: pinda ganda, lizungushe mara mbili, lipitishe chini, uache mkia. Vidole vya Shekina vilikosea mara nyingi, na Cyrille aliona si vibaya kumshika mikono kila anapokosea.

"Unafanya makusudi," alimwambia.

"Mwalimu muzuri hakasirikake."

Siku ya mwisho Cyrille aliitwa jukwaani. Hotuba zilikuwa tano, na kila mheshimiwa alitaka kumshukuru mheshimiwa mwenzake. Alasiri yote alisimama juani na wenzake, akapewa cheti cha nafasi ya pili na jembe jipya. Aliporudi, jua lilikuwa linazama; Shekina alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, na mjomba alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, akijinyoosha kama aliyetoka usingizini. Mahindi yalining'inia mahali pake, mafungu kumi, mafundo yenye mikia.

"Nilipata," alisema Cyrille, akiinua jembe.

Shekina alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akamkumbatia mbele ya watu, na kwa muda mrefu hakumwachia.

Septemba na Oktoba zilikuwa miezi yao. Mijakaranda ya mjini ilichanua, maua ya zambarau yakafunika barabara. Simu mbovu ya Cyrille ilikuwa na sauti moja tu ya kuita, na majirani wote wa ua waliijua.

"Monsieur Mbegu. Umelala?"

"Nitalalaje? Niko nasafisha shamba mu kichwa."

"Na minye niko mu ile shamba?"

"Weye uko ku kivuli, unakunywa soda, unanicheka."

"Kidogo tu, chéri. Nakucheka kidogo tu."

Sasa, kwa watu wa aina ya baba yake Shekina, mzee wa kanisa na wa utaratibu, mwanamume haingii nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Kwanza hutangulia barua, na barua huletwa na mshenga, mkubwa wa ukoo mwenye jina safi, naye husimama mlangoni kama mdhamini. Cyrille aliiandika ile barua kwa mkono wake, kwa usiku wa siku tatu, akaichanachana mara nne. Alinunua bahasha moja nzuri, nyeupe, ya karatasi nzito. Mjomba Hilaire alipiga pasi koti lake. Wakakubaliana: wapande kwanza, mahindi yakishaota mjomba aende Panda, maana mwanamume anayeomba binti aonyeshe shamba lililo kijani.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Jumamosi, asubuhi, ya nguvu. Wanawake wa ua walitoka na mabeseni kukinga maji ya paa. Cyrille alishusha mahindi motoni, akafungua fundo la kwanza, akamenya ganda.

Punje zilikuwa pana na bapa, zenye shimo juu kama jino la farasi. Alihesabu mistari: kumi na minne. Alimenya la pili, la tatu, la kumi. Yalikuwa mahindi ya sokoni, ya mbegu ya dukani, ambayo ukiyapanda mara ya pili yanazaa mabua. Aliyamenya yote arobaini sakafuni, na la mama yake halikuwamo hata moja.

Nani aliyekuwa akilinda kibanda? Nani aliyelijua fundo la mama? Mjomba Hilaire, ndugu wa mama mwenyewe, alikuwa akilifunga tangu utoto. Na mjomba alipenda lutuku, kila mtu alijua. Gongo lile lilimnyang'anya hata kazi yake ya zamani ya mgodini. Cyrille alitoka nje, maji yakimtiririka, akasimama katikati ya ua.

"Mjomba, uliuza mbegu ya mama. Uliuza, ukakunywa."

Wanawake waliacha mabeseni. Mzee alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alimtazama mpwa wake, muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu.

"Njo unasema vile?"

"Njo nasema. Weye ni mwizi. Ulimwibia mufu."

Mdomo wa mzee ulitikisika, kama mtu aliye na neno ulimini analolipima. Akalimeza. Aliweka kikombe chini, akaingia, akakunja koti lililopigwa pasi, na kabla mvua haijakatika alikuwa njiani kwenda Kakanda, kwa bintiye Fortunée.

Jioni ile Cyrille alimweleza Shekina yote kwa simu.

"Na mzee alisema nini?" aliuliza Shekina.

"Hakusema kintu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Angesema nini?"

"Réseau inakatika, chéri," alisema Shekina, na simu ikakatika.

Cyrille alipanda mahindi ya dukani, aliyokopa kwa jirani. Barua ilibaki ndani ya bati la biskuti la mama yake. Aliyepaswa kuibeba hakuwepo. Shekina alipiga simu mara chache, na alipopiga aliongea haraka haraka juu ya vitu vidogo.

Wiki moja kabla ya Noeli, Cyrille aliingia saluni ya Rolly, kinyozi wa Kikula, kukatwa nywele. Ukutani palikuwa na televisheni, na watu wamejaa hadi mlangoni.

"Ingia, ingia," alisema Rolly. "Ni filme ya hapa hapa. *Mulimi ku Foire*. Utakufa na kucheka."

Alimkalisha kitini, akaanza kumnyoa. Kwenye kioo cha televisheni Cyrille alimwona mkulima wa maigizo, suruali imefungwa kwa kamba, makaa usoni. Amechoka kungoja waamuzi, njaa imemshika. Anachungulia kushoto, anachungulia kulia, kisha analishusha hindi lake mwenyewe la maonyesho, analichoma, analila. Halafu la pili. Halafu anawaita wenzake, nao wanakula. Waamuzi wanafika na vitabu vyao, wanakuta magunzi. Saluni ilipasuka kwa kicheko. Lakini Cyrille alikuwa ametazama meno ya yule mwigizaji wakati yanafungua ganda. Yalikuwa yakifungua fundo lenye mkia.

Kisha akatokea mke wa mkulima, mwenye ndala moja, mikono kiunoni. Alimwelekea mumewe na kumwambia kwa sauti ya kuvuta: "Weye mulimi gani? Akikula mbegu, alikula watoto yake." Watu wakalia kwa kucheka. Rolly alijipangusa macho.

"Yule bwana anafanana na weye, Cyrille. Kweli kabisa."

Cyrille alitoka na nywele zimekatwa upande mmoja. Njiani alipiga simu.

"Nimeona filme," alisema.

Shekina alianza kulia kabla hajaulizwa. Cyrille alisikiliza kilio mpaka mwisho wa barabara, akazima simu, na hakuijibu tena sauti ile moja hata ilipoita mara kumi kwa siku.

Februari, siku ya Alhamisi, Shekina alikuja mwenyewe. Cyrille alikuwa akipalilia mabondeni, nje ya mji, mvua nyepesi ikianguka. Alimwona akiteremka njia ya matope, gauni la limau limefunikwa na koti kuukuu, viatu mkononi. Ikiwa moyo wake uliruka, aliunyamazisha kwa kupiga jembe mara tatu zaidi.

"Ikala," alisema bila kumtazama. "Kigoda hakuna."

Shekina alibaki amesimama. "Jean-Luc alisema mahindi ni mahindi. Na minye nilisema vile vile, nakuambia ukweli. Nilimuambia mzee Hilaire aende kupumzika ku kivuli, nitalinda. Alinitumaini. Tulirudia ile scène mara tisa, kila mara mahindi mapya, na batu ba foire bakakula yote ingine. Nikakimbia kununua ya kurudisha. Nilifunga fundo minye mwenyewe."

"Nilikufundisha muzuri."

"Nilitaka kukuambia ile siku ile. Ukafika na jembe, unacheka. Shikuweza."

"Na maneno ya mama yangu?"

"Jean-Luc aliuliza muke atasema nini. Ile njo ilikuya mu kinywa." Aliinamisha kichwa. "Nilikuahidi mulimi hatapata haya. Nilijua nilikuahidi."

Cyrille aliegemea mpini. "Shekina, mahindi ningesamehe. Hata filme. Batu batacheka mwaka moja, batasahau. Lakini Novemba nilikuambia nilimuita mzee mwizi mbele ya batu. Weye ulijua. Ulinyamaza miezi mitatu."

"Kila siku nilingoja aseme yeye mwenyewe. Nikisema minye, utaniacha. Akisema yeye, pengine..." Hakumaliza. "Nilikwenda Kakanda. Juzi. Nilipiga magoti mu nyumba ya Fortunée, nikamuambia yote. Unajua alinijibu nini? Alisema, binti, nilijua. Nilipozinduka niliona unafunga ile ya mwisho. Nilinyamaza juu minye njo nilikuwa nabeba barua yenu. Mushenga haharibu ndoa kwa kinywa yake."

Jembe lilianguka. Cyrille hakuliokota. Mvua ilimpiga shingoni na alisimama hivyo, akikumbuka mdomo wa mzee ulivyotikisika mlangoni.

"Alikusamehe?" aliuliza.

"Minye, ndiyo. Alisema niko mutoto na shikumujua. Weye, hapana." Shekina aliisema polepole, kama anayerudisha kitu kizito kwa mwenyewe. "Alisema, Cyrille nilimubeba mu mugongo. Na barua shitabeba. Ananiita mwizi mbele ya batu, kisha mwizi apige hodi kwa baba ya binti? Mushenga ni jina. Jina yangu yeye alitupa mu matope, arudie kuokota mwenyewe."

Kutoka mfukoni mwa koti alitoa kitu kilichofungwa kwa leso. Lilikuwa hindi moja, ganda lake na fundo lenye mkia, fundo la mkono wa Cyrille.

"Moja nilificha siku ile, habakukula. Nilitundika ku ukuta, pembeni ya kitanda. Juu weye njo ulifunga."

Cyrille alimenya ganda. Unga mweupe ulimwagika viganjani. Ukutani kwa Shekina hapakuwa na moshi. Fukusi walikuwa wamelitoboa kila mstari, na lile gunzi lilikuwa jepesi kama unyoya. Alilipuliza, akalikwangua kwa ukucha. Punje nzima zilikuwa saba.

Shekina aliona, akaelewa, na hakulia. Pengine machozi yalikuwa yamekwisha Kakanda.

"Ku nyumba iko barua ingine," alisema. "Ya muntu wa Lubumbashi, ndugu ya Jean-Luc. Papa alisema atangoja ya kwako mpaka dimanche, siku ya Mungu. Jumatatu tunahama na troupe kule. Cyrille, tafuta muzee yoyote. Kikula bazee bamejaa. Umuvalishe koti, abebe barua, aseme iko mjomba. Papa hamujui. Nani atajua?"

Cyrille alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri hata kwa matope, na alimpenda, na hilo ndilo lililomfanya aseme taratibu.

"Unataka tucheze tena? Mahindi ya soko, tufunge fundo ya mama? Ile tulishafanya."

"Kwa hiyo hautatuma."

"Nitatuma barua. Haiko kwa papa yako."

Shekina alivaa viatu vyake ndani ya matope, kiatu kimoja, kisha kingine. "Nitangoja mpaka dimanche," alisema. "Kupita dimanche shina uwezo." Akapanda njia. Juu, kwenye kona, aligeuka. Cyrille aliinua mkono, naye akainua wake, na hakuna aliyejua kama huko ni kuitana au kuagana.

Kesho yake, Ijumaa, Cyrille alifungua bati la biskuti. Bahasha nzuri ilikuwa moja tu. Alitoa ndani yake barua ya Panda, yenye maneno ya heshima aliyoyachagua kwa usiku wa siku tatu, akaikunja, akairudisha chini kabisa ya bati. Alichukua karatasi mpya. Hii aliiandika mara moja, bila kuchana.

"Mjomba Hilaire. Nilikuita mwizi mbele ya mama Josée, mbele ya mama Clotilde na watoto wao, siku ya mvua ya kwanza. Haikuwa kweli na sikuuliza. Dimanche baada ya misa nitasimama mu ile ua, mbele ya wale wale, nitasema kwa kinywa hiki kilichosema. Ukuje ama usikuje, nitasema. Shiombi ubebe barua yoyote. Ndani humu kuna punje saba za mama. Zote zilizobaki mu dunia ni hizi. Pale kwa Fortunée kuna maji ya mto, zinaweza kupandwa kiangazi. Upande weye. Mukono wangu haufai bado. Mpwa wako, Cyrille."

Aliziweka punje moja moja. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa sana, haikushika hata alipoilamba. Alikwangua bukari iliyobaki kwenye sufuria ya ugali, akaipaka kwa kidole ukingoni, akafunga, akakandamiza kwa kiganja mpaka akahisi punje zikimchoma kutoka ndani.

Alipokuwa barabarani, simu iliita. Aliitoa, akaliona jina la Shekina, akaiacha iite. Dereva wa lori la Kakanda alikuwa ameshawasha injini na amenyoosha mkono dirishani.

"Ni ya nani?"

"Muzee Hilaire, kwa Fortunée. Umupe mu mukono yake."

"Itafika leo," alisema dereva, akaiweka bahasha mbele ya kioo, na lori likaondoka.